Mwalimu wa Mmoja na Wengi

Tulikuwa tumefika kwenye kisu na visu. Mwalimu alisimama mbele yetu na kisu cha jikoni mkononi, akasema, "Knife." Sisi tukavuta pumzi tujibu "knives" kwa sauti moja kama alivyotuzoesha, maana mkaguzi wa Kizungu alikuwa amekaa pale mlangoni kwenye kiti cha mwanangwa, mkubwa wa kijiji chetu. Jibu halikutoka. Kwanza lilianguka vumbi, jekundu, laini, kama kuna mtu juu anapepeta unga. Halafu nguzo ya katikati ikalia. Halafu paa lote likashuka, udongo wa miaka na miaka uliolowa mvua.

Mkaguzi alitoka na kofia yake kichwani. Mimi nilitolewa nyonga imevunjika, na hadi leo natembea kwa kuchechemea. Pacha wangu Kulwa, tuliyekuwa tumekaa naye bega kwa bega juu ya gogo moja, walimtoa jioni pamoja na wenzake, wakawalaza kwenye majani nje. Sikuambiwa niangalie. Niliangalia.

Mimi ndiye Doto. Kwetu Unyamwezi pacha anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, kwa hiyo kila anayeniita amemwita na yeye. Sasa mimi ni mtu mzima, karibu nitapata wajukuu, na bado nikiitwa sokoni nasikia majina mawili. Shule niliishia siku ile, chini ya lile paa, kwa hiyo atakayeona nimeandika vibaya ajue ni kwa nini.

Baba alikwisha kufa, lakini mama yangu yu hai. Kila mwaka mvua ya kwanza ikinyesha hutoka uani, akatema mate upande wa ile njia ya zamani ya misafara, akasema, "Mwalimu, usipate pa kulala." Anamlaani asiyestahili. Nataka kabla hajafunga macho amjue wa kumlaani, na ndiyo sababu naandika. Lakini kwanza niseme Mwalimu alikuwa mtu gani.

Alizaliwa wapi sijui, na ukoo wake sikuuliza. Kwetu, upande wa Kigwa, alifika kwa miguu akitokea stesheni, sanduku la bati kichwani, wakati wa Mwingereza, vita vikubwa vikiwa vimekwisha. Tulimwita Mwalimu, basi. Mrefu, mabega yamekuja mbele, koti la kaki lisilofuliwa mpaka Jumamosi. Shavuni alikuwa na donge la masega ya nyuki, anatafuna mpaka utamu unakwisha, anabaki na nta. Ukimwona ametoa ile nta, ameibandika kwenye fremu ya ubao, ujue somo gumu linakuja.

Fimbo hakuwa nayo. Wazazi walimlalamikia kwa hilo. Baba yake Mihayo, mfua vyuma, alimletea fimbo nzuri ya mkole, akamwambia, "Mwalimu, huyu wangu hasikii bila hii." Mwalimu akaishukuru, akaitumia kuonyeshea maandishi ubaoni. Mihayo akajigamba kwamba shule nzima inasomea fimbo yake.

Kitu alichokipenda duniani kilikuwa wingi wa maneno ya Kiingereza. Walimu wengine wanapenda hesabu, wengine nyimbo za kanisani. Yeye alikuwa akisema ukitaka kujua watu wa lugha fulani wamekaaje, tazama wanavyokifanya kimoja kiwe vingi.

"Sisi," alisema, "mtu akiwa wengi tunambadilisha kichwa. Mtu, watu. Nyumbani mnasema munhu, banhu. Mzungu kichwa hakigusi. Anabadilisha mkia."

"Na asiye na mkia, Mwalimu?" Mihayo aliuliza.

"Huyo anabadilishwa tumbo. Man, men. Foot, feet."

"Na kondoo?"

"Kondoo ni sheep. Wakijaa zizi, ni sheep."

"Hakubadilika popote?"

"Popote. Na kwa Kiswahili je? Kondoo mmoja, kondoo wengi. Hapo Mzungu na sisi tumekutana njiani, wote tumechoka, kondoo tumemwacha alivyo."

Tulicheka mpaka mwanangwa akatuma mtu kuuliza kama ni shule au ngoma.

Alikuwa na kikapu kikubwa. Kila mtoto alipaswa kuja na kitu: jani, sanduku la kiberiti, jino la mbuzi, mwiko. Ukileta kimoja alikushukuru, akakipokea, akasema, "Kalete na mwenzake." Alikwenda hata majumbani kuomba. Mama muuza karanga pale stesheni alimwona anaokota majani mawili mawili akamwambia, "Mwalimu, wewe siku utakayooa utataka wawili kwa mpigo." Akamjibu, "Mama, hata huyo mmoja hajanikubali." Na kweli hakuoa.

Basi fikiria alivyofurahi kutuona sisi. Alimsimamisha Kulwa, akasema, "Girl." Akanisimamisha mimi kando yake: "Girls." Darasa likarudia. Ikawa kila akija mgeni tunasimamishwa sisi. Kulwa akachoka. "Kwa nini mimi tu ndiye niwe girl? Doto awe girl, mimi niwe S." Mwalimu akasema S haiwezi kutangulia. Kulwa akanuna, na tangu siku hiyo nyumbani akaniita S. "S, kateke maji. S, umenimalizia mboga." Mama hakujua tunasema nini, alidhani ni matusi ya shuleni, akatutandika wote wawili.

Bibi yetu ndiye hakucheka. Alimwita Mwalimu nyumbani, akamketisha, akamwambia, "Nasikia unawasimamisha wajukuu wangu unawahesabu."

"Sihesabu, bibi. Nafundisha."

"Unasema mmoja, halafu unasema wawili. Hiyo si kuhesabu? Watoto hawahesabiwi, mwanangu. Ile nyumba mnayosomea unajua ilikuwa ya nini? Watu walihesabiwa mle. Jioni wanahesabiwa wakiingia, asubuhi wanahesabiwa wakitoka, wakaelekea pwani. Mama yangu alikuwa akisikia sauti ya kuhesabu kutoka shambani kwake."

Mwalimu alivua kofia, akaiweka magotini. Hakubishana naye kama walivyobishana watu wa dini. Kutoka siku ile hakutaja tena idadi ya mtoto yeyote mbele yetu. Alisema "mmoja", akasema "wengi", katikati hakusema kitu. Hata asubuhi hakutuhesabu. Alitazama tu magogo, akajua nani hayupo. Lakini sisi watoto tulikwisha kusikia. Mvua ikipiga juu ya ule udongo tulikuwa tukisema wale wanahesabiwa tena, na Kulwa aliziba masikio.

Nyumba yenyewe ilikuwa tembe la mfanyabiashara wa zamani wa misafara, kando ya ile njia iendayo Ujiji. Kuta nene, madirisha hakuna, paa bapa la miti iliyopangwa na udongo juu yake. Asiyekulia kwetu nimwambie: tembe linataka kukwanguliwa. Kila kiangazi unapanda juu, unakwangua udongo wa zamani uliooshwa na mvua, ndipo unaweka mpya. Mvivu anaongeza mpya juu ya ule wa zamani. Mwaka huu halivuji, na mwaka ujao halivuji, na kila mwaka paa linakuwa zito, na chini nguzo ni zile zile. Tembe la shule lilikuwa halijakwanguliwa tangu mwenyewe alipoliacha.

Mwalimu aliliona hilo mapema. Aligonga nguzo kwa kisu, zikalia kama ngoma tupu. Akamwendea mwanangwa. Mwanangwa yuko chini ya mtemi, na wa kwetu alikuwa Masele Lubango. Nalitaja jina lake lote. Masele aliitisha wazazi, na hapo sina neno, aliwaitisha vizuri. Kila baba mwenye mtoto shuleni akaingia porini akakata nguzo ya mninga. Baba yangu alikuwa mrina asali. Warina wa kwetu kila mmoja ana alama yake anayoikata kwenye mzinga ili mwingine asije akaurina, na ya baba ilikuwa mikato miwili iliyolala na mmoja umeikata katikati. Alipomaliza kuichonga nguzo yake akaikata alama ile ile bila kufikiri, kwa mazoea tu ya mkono, na wenzake waliomwona wakatia zao. Mama akamcheka: "Utarina asali shuleni?" Akasema, "Wanangu wamo mle. Ni mzinga wangu."

Nguzo zikalazwa nyuma ya nyumba ya Masele zikauke. Zikakaa. Kiangazi kikapita. Mwalimu akaenda kuuliza, nami nilikuwepo, nilitumwa pale kupeleka maziwa.

"Shikamoo, mwanangwa. Zile nguzo."

"Marahaba. Nguzo gani?"

"Za shule."

"Zile zimeliwa na mchwa, Mwalimu."

"Mchwa wa kula mninga?"

"Wewe si mtu wa hapa. Mchwa wa hapa huujui."

Watu barazani wakacheka. Na hapa ndipo nasema Mwalimu alikuwa watu wawili. Mbele yetu alikuwa mtu asiyetishwa na neno lolote, hata lile lenye herufi zisizotamkwa. Mbele ya kiti cha mwanangwa alikunja kofia kama anakamua nguo. Angeweza kusema, tuzione hizo zilizoliwa. Hakusema. Alisema, "Ahsante, mwanangwa," akaondoka. Nilimfuata nyuma na kibuyu kitupu, nikamwona anatafuna nta iliyokwisha utamu siku nyingi.

Nguzo, nilikuja kujua ukubwani, zilikuwa zimekwenda Urambo, kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku. Aliyezibeba kwa mkokoteni wa ng'ombe ni Petro Kanoni, shemeji yake Masele. Naye namtaja. Mwezi huo huo nyumba ya Masele ikaezekwa mabati, ya kwanza pale kijijini, tukaenda kuyashangaa yanavyong'aa.

Mvua zikaanza, tembe likavuja, na habari ikaja kwamba mkaguzi yuko njiani. Mkaguzi akiridhika, tungeruhusiwa kuendelea na masomo Tabora mjini. Asiporidhika, shule inafungwa. Masele akaamuru wazazi waongeze udongo juu. Mwalimu akasema, "Tukwangue kwanza." Masele akasema, "Mkaguzi anafika kesho kutwa. Akikuta shule haina paa utamfundishia wapi?" Mwalimu akakunja kofia. Wazazi wakapandisha udongo vikapu kwa vikapu, na wanawake wakaushindilia kwa miguu wakiimba. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Hilo halisemi kamwe. Mimi nalijua kwa sababu niliona.

Halafu ikawa kisu na visu.

Mwalimu hakukimbia. Alichimba kwa mikono yake, na kwa sufuria, na kwa ule ubao, mpaka kucha zikamtoka. Mimi ni yeye aliyenitoa. Alinilaza, akarudi ndani, na nilimsikia anaita majina, moja moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ya asubuhi.

Siku ya tatu ukafanyika mkutano. Alikuja bwana wa serikali, mkaguzi akiwemo, na baba zetu wamesimama pembeni na mapanga ya shamba, hakuna aliyewaambia wayaweke chini. Mimi nilikuwa nimelazwa kwenye kitanda cha kamba barazani, nikasikia yote. Masele akasema mwalimu ndiye aliyetaka udongo uongezwe ili mkaguzi amsifu. Petro Kanoni akasema alisikia kwa masikio yake. Bwana yule akamgeukia Mwalimu, akamuuliza, ni kweli?

Mwalimu akasema, "Ni mimi."

Wakamfunga. Mama alikuwa amekaa chini, khanga usoni, akainua kichwa, akamtazama vile alivyokuwa anaongozwa kwenda kwenye gari. Ameendelea kumtazama hivyo mpaka leo.

Bibi alinikataza kulia. Alisema pacha akimlilia pacha anamfuata. Basi sikulia. Lakini usingizini nilimsikia Kulwa ananiita, si kwa jina, kwa ile herufi yake, kutoka mahali pa chini, na ninapoamka nakuta nimelala upande mmoja wa mkeka, upande wa pili nimeuacha wazi. Mume wangu aliniambia miaka ile ya mwanzo, "Huyu unayemwachia nafasi ni nani?" Alipojua hakuuliza tena.

Nilikua, nikaolewa, tukahamia Urambo kulima tumbaku. Msimu mmoja tulipeleka majani yetu kwenye mabanda ya zamani ya mzungu aliyekwisha kuondoka, tuliyokuwa tunayatumia kwa ushirika. Naingiza ufito uliofungwa majani, nainua macho, na kwenye nguzo ya katikati, usawa wa uso wangu, mikato miwili imelala na mmoja umeikata katikati. Moshi wa miaka umeifanya nyeusi. Nikaipapasa kwa kidole. Nikazunguka zile nyingine, nikaikuta alama ya baba yake Mihayo, ile aliyoipiga kwenye majembe yake, nikaikuta ya mrina mwingine wa kwetu. Zote zimesimama. Hakuna iliyoliwa na mchwa.

Mume wangu akanikuta nimekaa chini. "Umeungua?"

"Hapana," nikamwambia. "Nimemkuta baba."

Nikaanza kumtafuta Mwalimu, aliyekwisha kutoka kifungoni zamani. Ilichukua muda. Watu wa Sikonge waliokuja na asali wakaniambia kuna mzee mrefu kule kwao anayetengeneza mizinga ya magome, hana mke wala rafiki, watoto wa jirani wanamwogopa kwa sababu halali ndani ya nyumba. Nikajua ni yeye.

Nilimkuta chini ya kibanda cha nyasi, nyasi tu na fito, unaona anga kupitia juu. Alikuwa anashona gome. Nikasema, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akasema, na macho yake hayakunijia mimi. Yalikwenda kando yangu, kushoto, alikozoea kukaa Kulwa, yakakaa pale kwa muda kama anayesubiri mtu wa pili naye aamkie.

"Niko peke yangu, Mwalimu."

"Najua," akasema. "Kaa, Doto. Nyonga inakusumbua?"

Akanipa asali kwenye kibuyu. Nikamweleza nilichokiona Urambo. Sindano ya mfupa haikusimama mkononi mwake.

"Nilijua," akasema. "Nilizifuata kabla ya mvua. Nilikwenda kwa baiskeli ya kuazima, nikaziona zinachimbiwa, mkokoteni wa Petro pembeni."

"Ulijua? Na pale mkutanoni ukasema ni wewe?"

"Baba zenu walikuwa na mapanga. Ningesema nguzo zenu ameziuza huyu, wangemkata pale pale mbele ya Mzungu, na Mzungu angewanyonga wote. Watoto wamekufa, na baba nao wafe? Mimi ni mmoja. Wao ni wengi. Nikachagua."

"Usinifundishe mmoja na wengi, Mwalimu. Mama yangu anakulaani kila mvua."

"Anayo haki."

"Hana."

"Anayo, Doto. Kabla paa halijaanguka, hata nyinyi hamjaona kitu, niliona vumbi. Liliangukia kisu changu, nikalipuliza, nikaendelea. Mlikuwa mnajibu vizuri sana siku ile." Akauvuta uzi. "Ningesema tokeni. Ni neno fupi."

Sikumshukuru kwa kumwokoa baba yangu. Sikumsamehe pia. Nilimwambia twende kwa mama, aseme yote, ya vumbi na ya nguzo. Akakataa. Alisema miguu haifiki. Nikamwambia nitaleta mkokoteni. Akasema, "Hapana, mwanangu," akashika mzinga wake akaendelea kushona, na nilipoondoka hakuinua kichwa. Kiangazi kilichofuata nikasikia wamemkuta amekufa pale pale kwenye nyasi zake.

Nilimweleza mama mwenyewe. Nilimweleza mara nyingi. Anasema, "Mwalimu alikiri kwa mdomo wake mbele ya watu. Mtu akikiri, wewe ni nani wa kumkanushia?" Nikamwambia kuhusu alama ya baba, akasema alama yoyote yaweza kufanana. Nikataka kumpeleka Urambo, akasema hawezi kwenda kutazama mti. Nadhani anaogopa. Kama si Mwalimu, basi itabidi akumbuke na ile miguu iliyoshindilia udongo, na aliyeiamuru ishindilie.

Petro Kanoni amekwisha kufa. Mkaguzi alirudi kwao. Masele Lubango hajafa. Yuko Tabora mjini, ana duka, watu wanamwita mzee wetu, anakaa kiti cha mbele kwenye harusi na misiba. Nimepita dukani kwake nikanunua chumvi, akaniuliza, "Wewe mguu umefanya nini, mama?" Sikumjibu. Zamu ya kujibu ni yake.

Mzee Masele, sitaki ng'ombe wako wala sikupeleki mahakamani. Mama yangu hasikii la kwangu kwa sababu mimi nilikuwa mtoto, na la Mwalimu amekwisha kulisikia. Limebaki la kwako. Basi la kwenda Kigwa linaondoka asubuhi, na nyumba yetu unaijua. Njoo ukae mbele yake, umwambie uliipeleka wapi nguzo aliyokata mume wake. Mwambie kwa mdomo wako, nikiwa nimesimama pale. Anazeeka, na wewe pia. Unakuja lini?